Nianze na Ndogo

Mama mwenye nyumba wangu hanitambulishi kwa jina. Akija mgeni, ananinyooshea kidole na kusema, "Huyu ndiye aliyenilipulia taarifa ya habari." Wageni wanacheka, mimi natazama ndala zangu. Leo acha nami niseme upande wangu, maana yeye hadithi anaianzia kwenye mlio, kana kwamba nilikurupuka tu usingizini nikaamua kulipua nyumba.

Mimi ni dalali wa viazi hapa Mbeya. Viazi vinashuka kutoka Isyonje na kule Uporoto, mimi nasimama katikati ya mkulima na lori la Dar, nadonoa kidogo huku, kidogo kule. Mtaji wangu ni mkono. Nikiinua kona ya gunia najua kama limejaa viazi au limejaa maneno. Lumbesa nikiiona kwa mbali najua imebebeshwa madebe mangapi shingoni. Sokoni hakuna aliyewahi kuniuzia uzito wa uongo. Hilo liweke pembeni.

Sasa, nina ugonjwa wa gemu la malori. Wenzangu wanapenda la mpira, wengine la bunduki, mimi ni malori: unapakia mzigo, unavuka Ulaya nzima, unaingiza trela kwa rivasi kwenye ghala. Nilikuwa nalichezea kwenye laptopu ya mtumba ambayo lori likifika kwenye kona, lori linakata, barabara inakuja baadaye. Mama mwenye nyumba alinikuta siku moja natoa jasho.

"Malori si hayo yanapita hapo nje usiku na mchana kwenda Tunduma?" akasema. "Si ukakae pale Iwambi uyaone bure?"

Marehemu mumewe alikuwa dereva wa masafa marefu, mizigo ya Zambia. Kwake yeye mtu kuendesha lori kwa kutaka mwenyewe, tena bila posho, ni dalili ya malaria kupanda kichwani.

Mwaka jana viazi vikaadimika, bei ikapanda, nikabakiwa na vijisenti. Nikaapa naunda kompyuta yangu mwenyewe, kipande kwa kipande. Miezi miwili nilisoma kuliko nilivyowahi kusoma shuleni. Mkulima anapiga simu kuuliza bei, mimi niko kwenye matundu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta.

Prosesa nikachagua Ryzen 5 5600, viini sita, wati 65. Nikajua kabisa kwamba haina uwezo wa kutoa picha yenyewe, si kama ndugu yake yenye herufi G mwishoni. Hii lazima uipe kadi ya picha. Nilikuwa nalisema hilo kwa watu ambao hata hawajaniuliza. Madabodi, ile bodi kuu inayounganisha vyote, nikachukua B450 ya mtumba, toleo la 2018. Prosesa imetoka 2022, kwa hiyo madabodi ikiwa na BIOS ya zamani (programu yake ya kuamkia) haiijui, inaigomea kama mlinzi wa getini mwenye orodha ya wageni wa mwaka juzi. Nikamsumbua muuzaji wa Kariakoo mpaka akaibadilisha BIOS, akanitumia picha kama ushahidi, na nadhani baada ya hapo akanifungia namba. Ramu, vile vijiti vya kumbukumbu, nikataka DDR4 mbili za GB 8, siyo moja ya 16, kwa sababu zikiwa mbili zinapitisha data kwa njia mbili. Kadi ya picha, RX 580 ya GB 8, nayo mtumba. Ile peke yake inakula wati 185. Nikajumlisha na prosesa, feni na vidogovidogo, nikapata mia tatu na kitu.

Ikabaki pawa saplai, kisanduku cha kuilisha mashine umeme. Hapo ndipo usomi wangu ulipoishia. Kila kijana niliyemuuliza hapa mjini alinijibu maneno mawili: "Yoyote tu." Na keisi niliyoipenda, yenye kioo ubavuni na feni za taa, ilikuwa inauzwa na pawa saplai yake ndani, imeandikwa wati 650. Mia sita na hamsini! Mimi nahitaji mia tatu. Nikaona nimepewa magunia mawili kwa bei ya moja, nikanyamaza muuzaji asije akashtuka.

Binamu yangu wa Dar akakusanya vitu vyote, akavipakia kwenye basi. Boksi langu likapita Mikumi, likapanda Kitonga, likafika stendi ya Nanenane likiwa limelala safari nzima na gunia la dagaa. Sitatia chumvi. Nitasema tu kwamba siku feni za keisi zilipokuja kuwaka, chumba changu kilinukia Feri, soko la samaki la Dar.

Usiku huo nikaitoa pawa saplai niiangalie. Ilikuwa nyepesi. Nyepesi kama kopo la maziwa ya unga siku ya mwisho wa mwezi. Mkono wangu, mkono uleule unaojua gunia la udanganyifu kabla halijashuka kwenye pikipiki, ukaniambia: kaka, hapa hamna kitu. Nikaukemea. Nikauambia wewe ni mkono wa viazi, haya ni mambo ya teknolojia, siku hizi vitu vyote vinakuwa vyepesi.

Kesho yake jioni nikaanza kuunga. Ilikuwa Julai, na anayeijua Mbeya ya Julai anajua kwamba saa moja usiku hapa mtu anavaa kila alichonacho. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba sufu inatengeneza cheche za umeme mwilini, ukigusa ramu umeiua. Sweta langu ni la sufu. Shati nalo nikalitilia shaka. Kwa hiyo nikawa kifua wazi, mkono mmoja umeshika chuma cha kitanda ili umeme uniondoke, mwingine unafanya kazi, meno yanagongana kama karanga kwenye kikaango.

Niseme ukweli, ile saa moja ilikuwa tamu. Prosesa ina pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona, unailinganisha na alama iliyoko kwenye soketi, unaiachia inadondoka yenyewe pini zote kwenye matundu yake bila kusukumwa, kama mtoto anayejua kitanda chake. Pesti ya joto nikaweka kiasi cha punje ya njegere. Ramu zikalia klak, klak. Nyaya nyembamba za kitufe cha kuwashia zikanitesa, vidole vimekufa ganzi, lakini zikaingia.

Nikageuza keisi nichomeke waya wa umeme. Ndipo nikaiona.

Nyuma ya pawa saplai, pembeni ya tundu la waya, kulikuwa na kiswichi chekundu kidogo, cha kusukuma kwa ncha ya bisibisi. Kimeandikwa 230. Nikakisukuma kidogo kuona upande wa pili. 115.

Nikakaa kitandani nikafikiri. Nilifikiri vizuri kabisa, kwa utulivu, kama mtu mzima. Mashine ni ngeni. Imesafiri. Haijawahi kuwashwa na mimi. Hivi kuna dereva anayeondoa lori lenye mzigo na gia ya tano? 230 ni kubwa. Nianze na ndogo, 115, ikishazoea nitaipandisha.

Nikaiacha kwenye 115. Nikachomeka. Nikawasha swichi ya ukutani.

Mlio wenyewe sijui niufananishe na nini. Jirani wa ng'ambo aliuliza kama ni tairi la lori. Mimi niliona mwanga wa buluu nyuma ya keisi, halafu sikuona kitu tena, kwa sababu breka kuu iliruka na nyumba nzima ikazima. Vyumba vinne, LUKU moja. Ilikuwa saa mbili na dakika chache, mtangazaji ndiyo kwanza anamaliza kusoma muhtasari.

Kimya. Kisha harufu, kama samaki aliyeungulia kwenye sufuria ya plastiki (dagaa nao walichangia). Kisha sauti ya mwalimu wa chumba cha mbele, aliyekuwa anapiga pasi: "Nani huyo?" Kisha ndala za mama mwenye nyumba koridoni, taratibu, bila haraka, ndala za mtu anayejua anakokwenda.

Mlango ukafunguliwa. Tochi ya simu ikanimulika. Naomba ujiweke kwenye nafasi yake. Mpangaji wake, kifua wazi katika baridi lile, bisibisi mkononi, moshi unampanda taratibu kutoka nyuma ya boksi la kioo, na mkono mmoja bado umeng'ang'ania chuma cha kitanda.

"Mwanangu. Unafanya nini?"

"Naunda kompyuta, Mama."

Tochi ikashuka mpaka kwenye kitovu, ikapanda tena.

"Kifua wazi?"

Nikaanza kumweleza habari za sufu na cheche. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mganga. Mwalimu naye akawa amefika, shati lake limenyooshwa mkono mmoja tu, akachungulia begani kwa Mama akasema, "Ndiyo maana kuku hawatulii." Sijaelewa mpaka leo kuku waliingiaje.

"Sasa kimelipuka nini?" Mama akauliza.

Nikamwonyesha kiswichi. Nikamweleza hesabu zangu za lori na gia. "Nikaona nianze na ndogo," nikasema.

Akanyamaza kwa muda mrefu sana. "Kalale," akasema. "Vaa nguo, ulale."

Asubuhi nikaibeba pawa saplai kwapani mpaka kwa fundi wa redio pale Mwanjelwa, mzee fulani anayechomea risasi huku anaongea na simu. Hakuuliza kitu. Alinusa tu, akatazama kiswichi, akacheka mpaka akaweka simu chini. Akaifungua. Kapasita mbili kubwa, vile vikopo vya kutunza umeme, zilikuwa zimepasuka vichwa kama mahindi ya bisi, na utumbo wake wa karatasi umetapakaa kila mahali.

"115 ni ya umeme wa Marekani," akaniambia. "Ule wao ni mdogo. Kwa hiyo ukiiweka huko, mashine yenyewe inauzidisha mara mbili ndani ili ufike inakotaka. Wewe umeileta kwenye 230 ya Tanzania, ukaiambia izidishe mara mbili. Kapasita zinazotegemea volti mia tatu na kitu zimepelekewa zaidi ya mia sita."

"Yaani nimejaza lumbesa," nikasema.

"Juu ya lumbesa."

Kisha akaniuliza kama niliona uwazi ule uliobaki ndani ya boksi, panapotakiwa kuwepo koili na vichujio, na vile vipande vyembamba vya bati vya kupozea. Akasema hata ingewekwa 230, zile wati 650 zilikuwa za kwenye stika. Nikamwomba mizani ya duka la jirani, la mchele wa Kyela. Mshale ulisogea kidogo tu. Haikufika hata kilo moja. Muuza mchele akanitazama, maana tunafahamiana, akasema, "Dalali, wewe ndiye umenunua hii?" Sikujibu.

Bahati yangu, moto uliishia mlemle ndani. Fundi alinipima madabodi na kadi kwa pawa saplai yake, vyote vikapumua. Binamu akanitumia nyingine, safari hii nilimwambia asiniulize wati, anipigie picha ikiwa kwenye mizani. Ikaja nzito kama tofali, na nyuma haina kiswichi chochote. Hizi zinapokea kuanzia volti 100 mpaka 240 na kujirekebisha zenyewe. Nadhani aliyezibuni alikuwa na mtu kama mimi kichwani.

Nikaunga tena, nikiwa na sweta. Nikawaambia wapangaji wote, mwalimu akachomoa pasi, Mama akazima tivii kwa mkono wake. Nikawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, Feri ikanukia. Skrini, giza.

Nilikesha. Nikachomoa ramu moja, nikarudisha. Nikamlaumu muuzaji wa BIOS. Kesho yake mchana mjukuu wa Mama, wa darasa la pili, akaingia kuomba chaja, akatazama nyuma ya mashine na kusema, "Mjomba, mbona huu waya umechomeka huku juu, na huku chini kwenye hiki kinene kuna tundu kama hili?"

Waya wa skrini nilikuwa nimeuchomeka kwenye madabodi. Na prosesa yangu haitoi picha, jambo nililolihubiri mji mzima. Nikampa mia tano na nikamwomba asimwambie bibi yake. Alimwambia kabla hajafika mlangoni.

Sasa hivi lori langu linakata kona pamoja na barabara yake. Umeme wa mwezi nachangia mafungu mawili, tulikubaliana hivyo, au tuseme niliambiwa. Na kila baada ya taarifa ya habari Mama anakuja na kikombe chake cha chai, anakaa kwenye kona ya kitanda na kunisema. Nashuka mlima na gia kubwa. Nafunga breki kama mlevi. Marehemu hakuwahi kushuka Kitonga hivyo hata siku moja.

Juzi nikachoka, nikampisha kiti. "Haya, endesha wewe."

Akavaa miwani, nikamwonyesha vitufe. Akaliondoa lori bandarini kwa mwendo wa kilomita kumi na tano kwa saa, kifua mbele, magari ya Wazungu yamejipanga nyuma yake yanapiga honi mpaka mwisho wa skrini.

"Mama, ongeza kidogo, mzigo utachelewa."

Hakugeuka.

"Niache," akasema. "Naanza na ndogo."