Je, Rufinus alimchakachua Origen?

Juni 2012 maktaba ya jimbo la Bavaria, mjini Munich, ilitangaza kwamba hati yake moja ya Kigiriki, iliyonakiliwa yapata karne ya 12, ina mahubiri 29 juu ya Zaburi ya Origen, mwalimu wa Kikristo wa karne ya tatu aliyeandika kwa Kigiriki. Jina la mwenyewe halikuwemo. Aliyeyatambua ni Marina Molin Pradel, aliyekuwa akiandaa katalogi mpya ya hati za Kigiriki za maktaba hiyo. Alikuta humo mahubiri manne juu ya Zaburi ya 36 (katika Biblia zetu ni ya 37, ile inayotuasa tusikasirike kwa sababu ya watenda mabaya), na mahubiri hayo yalikuwa yanajulikana tayari kwa Kilatini. Mwaka 2015 Lorenzo Perrone na wenzake wakayachapisha yote.

Habari hiyo ilipokelewa kama habari ya Origen. Mimi naiona zaidi kama habari ya yule aliyeyatia Kilatini, Rufinus wa Aquileia, kwa kuwa ni miaka 1600 sasa anatajwa kwa sifa moja tu, nayo ni mbaya: mfasiri aliyechakachua.

Shauri lenyewe lilianza mwaka 398. Rufinus alikuwa amerudi Italia baada ya kukaa miaka mingi Misri na kwenye Mlima wa Mizeituni. Aliombwa atafsiri Peri Archon, kitabu ambamo Origen anajadili Mungu, roho, hiari ya mwanadamu na namna ya kusoma Maandiko. Wakati huo Origen alikuwa amekwisha kufa karibu miaka 150, na jina lake lilikuwa limeanza kunuka. Rufinus akaandika dibaji na humo akasema wazi atakachofanya. Pale ambapo Origen anapingana na mwenyewe kuhusu Utatu, yeye anaamini ni mkono wa wazushi uliopita, kwa hiyo ataruka au atarekebisha kufuatana na Origen alivyosema kwingine. Pale penye giza, ataongeza ufafanuzi kutoka vitabu vyake vingine. Tena, akasema, katika hili namfuata aliyenitangulia, yule aliyetafsiri mahubiri ya Origen zaidi ya 70.

Hakumtaja kwa jina, lakini Roma nzima ilijua ni Jeromu, yule maarufu kwa tafsiri yake ya Biblia kwa Kilatini.

Jeromu alikuwa Bethlehemu, na wakati huo alikuwa akijitahidi watu wasahau alivyomsifu Origen ujanani. Mwaka 383 aliandika kwamba katika vitabu vingine Origen amewapita wote, lakini katika Wimbo Ulio Bora amejipita mwenyewe. Dibaji ya Rufinus ilikuwa kama kumvua nguo sokoni. Rafiki zake Pammachius na Oceanus walipomwandikia, naye akatoa tafsiri yake ya Peri Archon, neno kwa neno, ili kila mtu auone uzushi ulivyo. Jeromu na Rufinus walikuwa marafiki tangu vijana. Ipo barua ambayo Jeromu alimwandikia Rufinus wakati ule, akimwambia kwamba urafiki unaoweza kwisha haukuwa wa kweli tangu mwanzo. Rufinus alipofariki Sicily, Jeromu yuleyule alimwita nge aliyefukiwa chini ya ardhi ya kisiwa hicho.

Upande wa mashitaka si wa kupuuzwa. Chukua kitabu cha kwanza, sura ya tatu. Kipande cha Kigiriki kilichohifadhiwa na Kaisari Justiniani wa karne ya sita kinasema kwamba Baba hukifikia kila kilichopo. Mwana, aliye mdogo kuliko Baba, huvifikia viumbe vyenye akili. Na Roho, aliye mdogo zaidi, huwafikia watakatifu peke yao. Kilatini cha Rufinus kinabaki na kazi ya Roho kwa watakatifu, lakini neno “mdogo” limeyeyuka, na mbele kidogo tunakuta sentensi inayosema katika Utatu hakuna cha kuitwa kikubwa wala kidogo. Hiyo ni lugha ya mtu anayeujua mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, uliotamka kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Origen hakuujua. Wala hatuwezi kusema neno “mdogo” amezushiwa, maana katika kitabu chake dhidi ya Celsus, mpagani aliyeushambulia Ukristo, ambacho tunacho chote kwa Kigiriki, anasema bila kuficha kwamba Mwana yuko chini ya Baba. Katika karne ya tatu mtu aliweza kusema hivyo akaendelea kuhubiri kanisani Jumapili. Rufinus alimvalisha babu kanzu ya wajukuu.

Hilo nalikubali. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kusema kwamba basi tusimwamini Rufinus, tuwaamini waliomnukuu Origen kwa Kigiriki. Hapo ndipo watu wazima hukosa umakini. Kigiriki hicho kilitoka wapi? Sehemu ya haki kabisa ni sura zilizoingizwa katika Filokalia, mkusanyo wa vipande vya Origen unaohusishwa na Basili na Gregori wa Nazianzo, maaskofu wa karne ya nne walioipenda kazi yake: sura ya hiari katika kitabu cha tatu, na sura za kusoma Maandiko katika kitabu cha nne. Ukizilinganisha na Rufinus unamwona anazunguka, anarefusha, anarahisisha, lakini hoja inatembea njia ileile. Vipande vingine vingi, vile vinavyomtia hatiani, vinatoka katika barua ya Justiniani ya mwaka 543, iliyoandikwa ili Origen alaaniwe. Mtu akitaka kukufunga haendi kunukuu mahali uliposema “labda”.

Na Origen alisema “labda” mara nyingi. Anapofika kwenye mwisho wa mambo yote, anatangulia kusema kwamba anayasema haya kwa hofu na tahadhari kubwa, akichunguza zaidi kuliko kukata shauri. Mshitaki atanikumbusha kwamba sentensi hiyo nayo tunayo kwa Kilatini cha Rufinus. Sawa. Lakini Pamphilus wa Kaisaria, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 310, muda mrefu kabla ya ugomvi huu, alimtetea Origen kwa hoja hiyohiyo: kwamba alipendekeza, hakuamuru. (Ndiyo, Pamphilus naye alitafsiriwa na Rufinus. Huyu bwana huwezi kumkwepa.)

Mwaka 1913 Paul Koetschau alipotoa chapa yake kubwa ya Peri Archon, alivitia vipande vya Justiniani ndani ya mwili wa kitabu, palipoonekana kuwa na pengo. Alitia hata maneno ya laana 15 zinazohusishwa na mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 553. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1936, iliyosomwa vyuoni kwa miongo mingi, ikamfuata. Kisha mwaka 1962 Antoine Guillaumont akaonyesha kwamba laana zile zinagusa mawazo ya Evagrius, mmonaki aliyefariki mwaka 399, zaidi ya mawazo ya Origen mwenyewe. Kwa hiyo vizazi vya wanafunzi vilisoma kitabu cha karne ya tatu kikiwa na viraka vya karne ya sita, tena viraka kutoka nguo ya mtu mwingine, huku wakiambiwa aliyechakachua ni Rufinus. Henri Crouzel na Manlio Simonetti waliviondoa vipande hivyo ndani ya maandishi na kuvijadili pembeni, na John Behr, mwaka 2017, naye hakumfuata Koetschau. Bado nakutana na watu wanaomnukuu Origen kwa sentensi ambazo hakuna ajuaye kama zilitoka kinywani mwake.

Halafu kuna suala la kazi yenyewe ya kutafsiri. Kiswahili kinatusaidia hapa, maana neno letu “tafsiri” limebeba mizigo miwili: kuhamisha maneno na kufafanua maana. Tafsiri ya Kurani ikija na maelezo chini ya ukurasa, hatusemi mfasiri ameghushi. Kilatini nacho kilikuwa hivyo, mfasiri na mfafanuzi wakiitwa kwa neno moja, interpres. Tofauti ni kwamba maelezo ya chini ya ukurasa yanajulikana kuwa ni maelezo, ila Rufinus aliyapika pamoja, kama viungo kwenye pilau. Hapo mshitaki ana haki yake. Lakini Jeromu? Miaka michache kabla ya ugomvi, alipolaumiwa kwa tafsiri ya barua fulani, alijitetea kwa Pammachius huyohuyo kwamba yeye hutafsiri maana kwa maana, wala si neno kwa neno. Mkuki kwa nguruwe.

Rufinus alijua anasemwaje. Alipomaliza kutafsiri ufafanuzi wa Waraka kwa Warumi, vitabu 15 alivyovibana hadi kumi, aliandika kwamba watu wanamshauri aweke jina lake mwenyewe juu ya kazi hiyo, kwa jinsi alivyoongeza na kupunguza. Akakataa. Alisema si haki kumwibia jina yule aliyeweka msingi wa nyumba. Mghushi wa kawaida hafanyi hivyo. Hatangazi kwenye dibaji kwamba ameruka, wala kwenye hitimisho kwamba ameongeza.

Na ile tafsiri ya Jeromu ya neno kwa neno iliishia wapi? Jeromu mwenyewe anasimulia. Pammachius aliisoma, akashtuka, akaifungia ndani ya sanduku isitoke. Ndugu mmoja akaiazima, akiahidi kuirudisha upesi, naye akaitoa nakala haraka haraka, yenye makosa tele. Leo imebaki ile mistari tu ambayo Jeromu aliinukuu katika barua kwa mtu aitwaye Avitus, nayo ni orodha ya mabaya. Tafsiri iliyojitangaza kuwa ya kweli ilifungiwa kwa sababu ililenga kuonyesha sumu. Iliyolaumiwa ikanakiliwa na wamonaki kwa karne na karne, ndiyo maana tuna Peri Archon nzima. Kigiriki kamili kilipotea baada ya laana, kwani nani angetumia ngozi za kondoo kumnakili mzushi? Hati ya Munich yenyewe huenda ilinusurika kwa sababu haikuwa na jina.

Turudi kwenye hati hiyo. Wenye kutilia shaka walikuwa na nafasi nzuri: mahubiri manne, Kigiriki upande mmoja, Kilatini upande wa pili, na hakuna Justiniani katikati. Walioyalinganisha wanamkuta Rufinus yuleyule wa Filokalia. Anaongeza kivumishi, anafungua fumbo ambalo msikilizaji wa Kilatini asingelishika, anatoa sentensi mbili penye moja. Lakini wazo la Origen linabaki pale lilipokuwa. Mtu anaweza kusema mahubiri ya Zaburi si Peri Archon, na kwamba kwenye Utatu ndipo mkono wake ulipotetemeka. Ni kweli, na pale kwenye “mdogo” nitaendelea kusoma nikiwa na kalamu ya risasi mkononi.

Mahubiri ambayo Rufinus alitafsiri juu ya Zaburi hiyo yalikuwa matano. La tano halimo Munich, nalo bado tunalisoma kwake.