Mtoto Huyu Si Mvivu

Karibu kila mwalimu wa darasa la tatu au la nne anamjua mtoto wa namna hii. Ukimuuliza swali la Sayansi kwa mdomo anajibu vizuri, pengine kuwashinda wenzake. Ukimpa karatasi, anaandika mistari miwili na kuambulia nafasi ya mwisho. Shuleni anaitwa mzito. Nyumbani anaitwa mvivu anayependa mpira kuliko daftari, na hakosekani jirani wa kunong'ona kwamba amerogwa.

Huenda mtoto huyo ana disleksia, ulemavu wa kujifunza unaoufanya ubongo upate taabu kuoanisha sauti na herufi. Akili yake ni nzima. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, William Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy, mchangamfu na hodari wa michezo, aliyefundishwa miaka mingi bila kujua kusoma. Hata jina lake aliliandika "Precy". Mwalimu wake alisema kijana huyo angewapita wote shuleni kama masomo yote yangekuwa ya mdomo. Zaidi ya karne imepita, nasi bado tunawachapa akina Percy wetu.

Kiswahili kinachangia kulificha tatizo. Maneno yetu hutamkwa kama yalivyoandikwa, kwa hiyo mtoto aliyezoea silabi anaweza kusoma bila kukosea sana. Kinachomsaliti ni mwendo wake. Neno kama "hawakutuandikia" lina silabi nane na limebeba sentensi nzima. Akifika mwisho, mwanzo umeshampotea, hajui tena kama barua iliandikwa au haikuandikwa. Kwenye mbw na ng'w anakwama kabisa. Wengine hukariri ukurasa kwa kuwasikiliza wenzao, wakautamka wote huku kidole kikiwa kwenye mstari mwingine. Kisha, hapa Tanzania, anaingia kidato cha kwanza, masomo yanageuka Kiingereza, lugha ambayo maandishi na matamshi yake hayapatani, na mtoto aliyekuwa anajikongoja anaanguka.

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 uliweka mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mimi nauunga mkono. Ila kumgundua asiyejua kusoma ni nusu ya kazi. Baada ya hapo anakaririshwa darasa, au mzazi anajinyima alipie tuisheni, ambako anafundishwa vilevile alivyofundishwa asielewe.

Linaloniumiza kuliko yote ni kumsimamisha mtoto huyu asome kwa sauti mbele ya darasa. Wenzake wanacheka, anatetemeka, na kesho yake anaumwa tumbo ili asiende shule. Hakuna anachojifunza pale isipokuwa kujichukia. Zoezi hili naomba likome leo. Kuliacha hakuhitaji bajeti wala waraka wa wizara.

Kwanza apimwe macho na masikio, maana wapo wanaoshindwa kwa sababu hawaoni ubao. Kisha arudishwe kwenye sauti: avunje neno kwa kupiga makofi, silabi kwa silabi, aichore herufi mchangani kwa kidole huku akiitamka, afunike mistari ya chini kwa kipande cha karatasi ili macho yasitangetange. Dakika chache kila siku zinamfaa kuliko saa tatu za Jumamosi. Na nyumbani asomewe hadithi, hata kama ameshakua, ili maarifa yasimpite wakati anapambana na herufi.

Mwalimu mwenzangu, kwenye jaribio lijalo la Sayansi mkalishe kando mtoto mmoja wa namna hii, umsomee maswali, naye ajibu kwa mdomo. Alama atakazopata zipeleke kwa mwalimu mkuu na kwa wazazi wake, pamoja na zile za karatasi.