Watu kumi kwa kumi: kabla hujauliza utumie jaribio gani

Swali hunijia karibu kwa maneno yale yale. "Mwalimu, nina washiriki 20, kumi kila kundi. Nitumie jaribio gani la takwimu?" Anayeuliza ameshakusanya data, tarehe ya kuwasilisha tasnifu inambana, na kwa jinsi anavyoniangalia najua anachotafuta: jaribio litakaloishusha thamani ya p chini ya 0.05 (p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hiyo au zaidi ikiwa kwa kweli hakuna tofauti). Simlaumu, maana ndivyo wengi tulivyofundishwa, kwamba utafiti hupita au hufeli kwenye mstari huo. Ila miaka yote niliyokaa na wanafunzi mbele ya data ndogo imenifanya niamini kwamba mstari huo, kwa utafiti mdogo hasa, unadanganya kuliko tunavyokubali kusema.

Tufanye hesabu kidogo. Una makundi mawili, watu 10 kila moja, na unatumia jaribio la t la kawaida la pande mbili, lile la kulinganisha wastani wa makundi mawili bila kujali lipi limezidi. Ili p ishuke chini ya 0.05, tofauti ya wastani kwenye data yako lazima ifike karibu 0.94 ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi data ilivyotawanyika kuuzunguka wastani. Chini ya hapo haivuki. Sasa tuseme tofauti ya kweli huko duniani ni 0.4, tofauti ya kuheshimika kabisa. Utafiti wako utaiona kama mara 14 tu katika kila mara 100, na hizo mara utakazoiona, utaitangaza ikiwa zaidi ya mara mbili ya ilivyo. Hakuna namna ya kukwepa, kwa kuwa tofauti isiyotiwa chumvi haina njia ya kupita mlango huo. Kisha makala zilizopita mlango ndizo huchapishwa, mwenzako anazisoma, anaona athari (yaani tofauti kwa kipimo hicho cha mkengeuko sanifu) ya 1.1, naye anapanga utafiti wake mdogo akitumaini kuikuta 1.1 ile ile. Asipoikuta anadhani kosa ni lake. Hili linaniuma, kwa sababu nimewaona vijana wazuri wakikata tamaa na kazi yao kwa sababu ya namba iliyovimbishwa na watu waliowatangulia.

Ndiyo maana mwanafunzi akinijia na swali la jaribio, mimi namuuliza kuhusu kiasi. Tofauti ni kubwa kiasi gani, na data yako inaruhusu kiasi hicho kiwe kati ya wapi na wapi?

Hapo ndipo huletwa jedwali la ukubwa wa athari la Jacob Cohen, mwanasaikolojia wa Marekani: 0.2 ni ndogo, 0.5 ya wastani, 0.8 kubwa. Cohen mwenyewe alitahadharisha kwamba vipimo hivyo ni vya kuegemea pale tu ambapo hakuna msingi bora zaidi. Sisi tumevifanya sheria. Nimesoma mapendekezo ya utafiti yaliyochagua 0.8 kwa sababu moja ambayo haikuandikwa popote: ukitaka nafasi ya asilimia 80 ya kuiona athari, 0.8 inakudai watu 26 kila kundi, 0.5 inakudai 64, na 0.2 inakudai zaidi ya 390. Mtafiti ana uwezo wa kupata watu 50, basi athari inakuwa "kubwa" kabla mtu wa kwanza hajapimwa. Afadhali aandike wazi kwamba watu anaoweza kuwapata ni 50, kisha aonyeshe idadi hiyo itampa kipimo chenye usahihi gani. Huo ni unyoofu, na mkaguzi mzuri atauheshimu.

Sasa tazama data yenyewe. Huu ni mfano ninaoutumia kufundishia, alama za mtihani wa 50. Kundi la kwanza, lililofundishwa kwa njia ya zamani: 21, 23, 24, 26, 27, 27, 28, 30, 31, 33. Kundi la pili, kwa njia mpya: 24, 25, 27, 28, 29, 30, 31, 33, 35, 48. Wastani ni 27 na 31, tofauti alama 4, na d, yaani tofauti hiyo ikigawanywa kwa mkengeuko sanifu, inatoka kama 0.72. Ukiishia hapo utaandika "athari karibu na kubwa" na kulala usingizi. Lakini chukua penseli, chora nukta 20 kwenye karatasi. Ile 48 inasimama juu peke yake, mbali na wenzake. Iondoe kwa muda, uone: tofauti inaanguka kutoka 4 hadi 2.1, karibu nusu, wakati d inashuka kutoka 0.72 hadi 0.58 tu. Kwa nini d haikushtuka sana? Kwa sababu mtu yule mmoja alikuwa ameinua wastani na wakati huohuo ameutanua mkengeuko, na d ni kimoja kugawanywa kwa kingine. Kipimo kilichosanifishwa kilimficha mtu ambaye alama za kawaida zilimwonyesha waziwazi.

Sisemi 48 ifutwe. Kama si kosa la kuandika, yule ni mshiriki kama wengine, na matokeo yaripotiwe akiwemo na asipokuwemo. Ninachosema ni kwamba ripoti ianze na kipimo ambacho msomaji anakijua, alama, dakika, kilo, ndipo d ifuate. Tena kwa sampuli ndogo d huelekea kuzidi kidogo, kwa hiyo tumia marekebisho ya Hedges, ambayo huipunguza d kulingana na udogo wa sampuli. Kwa watu 20 hawa inapungua kwa kama asilimia 4. Na mipaka ya asilimia 95, yaani kati ya wapi na wapi data inaruhusu tofauti ya kweli iwe, isikosekane. Kwa data hii, jaribio la Welch, aina mojawapo ya jaribio la t, linaiweka tofauti kati ya −1.3 na 9.3. Yaani huenda njia mpya ya kufundisha inashusha alama kidogo, huenda inapandisha alama 9. Mwanafunzi akiona hivyo husema, "Kwa hiyo sijapata kitu." Amepata. Amejua anachokijua kina upana gani, na kuandika "hakuna tofauti" kwa data kama hii ni kosa lile lile la kuandika "tofauti ipo".

Kuhusu jaribio lenyewe, sina mengi. Kwa wastani wa makundi mawili naanza na Welch, kwa kuwa halidai mikengeuko iwe sawa. Kupima kwanza kwa jaribio la Shapiro-Wilk kama data imetawanyika kwa umbo la kengele ("kawaida"), halafu ndipo uchague, ni desturi ninayoipinga: kwa watu kumi jaribio hilo lina nguvu ndogo, na mara nyingi halioni kasoro iliyopo. Majaribio ya nafasi, kama Mann-Whitney, yanayotazama nani amemzidi nani badala ya alama zenyewe, nayo si kimbilio la kila data ndogo. Ukiwa na watu watatu kwa watatu, hata kundi moja likilipita lingine lote, p ya chini kabisa unayoweza kupata ni 0.10. Jozi tano kwenye Wilcoxon, jaribio la nafasi kwa vipimo vya jozi, zinaishia 0.0625. Umeshindwa kabla hujaanza, na programu haitakuonya.

Hofu kwamba jaribio la t halifai kwa sampuli ndogo inanishangaza pia. Lilizaliwa huko. William Gosset alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, na alilibuni kwa sababu vipimo alivyokuwa navyo vilikuwa vichache, akalichapisha mwaka 1908 kwa jina la "Student".

Msaada mkubwa uko kwenye mpango wa utafiti, na huo huja mapema. Kama inawezekana kumpima mtu yuleyule kwa hali zote mbili, fanya hivyo. Athari ya 0.5 iliyodai watu 128 katika makundi mawili inaweza kutosheka na watu kama 21, ikiwa vipimo viwili vya kila mtu vina uhusiano wa 0.7. Hakuna fomula itakayokupa nafuu hiyo baada ya data kukusanywa.

Juzi mwanafunzi mmoja aliniletea ripoti: washiriki 20, hakuna hata mmoja aliyepata madhara, akahitimisha kwamba tiba ni salama. Nilimwomba agawanye 3 kwa 20, kanuni ya haraka ya kukadiria kiwango cha juu cha tukio ambalo halijaonekana hata mara moja. Alipata 0.15, nikamweleza kwamba kwa data yake madhara yanaweza kumpata hadi mtu mmoja katika kila saba. Alinyamaza kidogo, akafungua ukurasa wa hitimisho, akafuta neno "salama", na kuandika: "Kati ya watu 20 hakuna aliyedhurika, kiwango cha hadi asilimia 15 hakiwezi kuondolewa."