Programu huria za kupima umbali: bure, lakini nani anakagua?

Mwanafunzi anayetaka ramani ya kuonyesha kila nyumba iko umbali gani na kisima hahitaji tena kununua leseni. SciPy, scikit-fmm na GRASS zinapatikana bure, na zote hukokotoa fanksheni ya umbali: huigawa ramani katika gridi ya vijimraba, yaani seli, na kuipa kila seli umbali wake hadi kitu ulichokitaja. Mimi ni mtetezi wa programu hizi. Ila watetezi wenzangu huzisifu kana kwamba zote zinajibu swali moja, na hilo si kweli.

Chukua gridi ya seli za mita 1. Nyumba iko seli 3 mashariki na 4 kaskazini mwa kisima. Kwa Pythagoras, umbali ni mita 5. Programu inayoruka seli hadi seli kwa pande nne tu itasema 7. Ikiruhusiwa kukata pembe, yaani kwenda pia kimshazari, 5.24. Hapa ndipo wengi huteleza: wanapunguza seli wakidhani jibu litanyooka. Halinyooki. Hata seli zikiwa ndogo mara mia, 7 inabaki 7, maana kosa liko kwenye pande zinazoruhusiwa. Zana ya r.cost ndani ya GRASS hutazama majirani wanane. Ukiiongezea chaguo la -k, inakubali pia hatua za farasi wa sataranji, na jibu linashuka hadi 5.06. Scikit-fmm haihesabu hatua. Inafuata njia aliyoichapisha James Sethian mwaka 1996, ya kutatua mlinganyo wa wimbi linalosambaa, kwa hiyo ukipunguza seli jibu husogea kuelekea 5. SciPy itakupa 5 papo hapo, lakini inapita moja kwa moja juu ya mto usio na daraja.

Wanaopendelea programu za kulipia wana hoja: ukikwama, kuna wa kumpigia simu. Kwa ofisi isiyo na mtaalamu, hilo ni jambo kubwa. Tena "bure" ina masharti: sehemu nyingi za CGAL, maktaba huria ya hesabu za jiometri, ziko chini ya GPL, leseni inayodai msimbo wa bidhaa inayosambazwa nayo uwe wazi pia, na kampuni isiyotaka kufungua msimbo wa bidhaa inayoiuza hulazimika kulipia leseni nyingine.

Hata hivyo naegemea upande wa huria, kwa sababu kosa lake linaonekana na linarekebishika hadharani. Fomula ya Vincenty ya mwaka 1975, ya kupima umbali juu ya uso wa dunia, hushindwa kwa baadhi ya nukta zilizo pande mbili za dunia zinazotazamana. Charles Karney alipochapisha njia isiyokwama mwaka 2013, geopy, maktaba huria ya Python ya kupima umbali huo, iliihamia, kisha toleo la 2.0 likaiondoa kabisa ya zamani, na yeyote anaweza kusoma mabadiliko hayo.

Ninachodai ni kidogo: ripoti inayoamua kisima kijacho kichimbwe wapi itaje zana iliyotumika na pande ilizoruhusu, pamoja na jibu lake kwa ile nyumba ya 3 kwa 4.