Kijana Kumfundisha Mdogo Wake Ufugaji: Manufaa na Mipaka

Vilabu vya 4K, ambako wanafunzi hujifunza kilimo na ufugaji kwa vitendo, vilivyoanzishwa nchini Kenya mwaka 1962 kwa kaulimbiu ya Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilififia kwa muda mrefu kabla ya kuzinduliwa upya mwaka 2021. Kurejea kwavyo kunaleta swali zito: je, vijana wa miaka 15 au 16 waandaliwe kuwalea watoto wa miaka 10 katika ufugaji, au kazi hiyo ibaki kwa walimu na maofisa wa mifugo?

Wanaoliunga mkono wazo hili husema kwamba mwalimu mmoja hawezi kusimama kando ya kila kizimba, na kwamba ufugaji haufundishwi ubaoni. Nakubaliana nao. Niliwahi kumtazama msichana wa kidato cha pili akimwonyesha mtoto wa darasa la nne sungura aliyekuwa akijinyofoa manyoya ya tumboni. Alimtaka ahesabu siku tangu jike alipopandishwa, kwa kuwa sungura huzaa baada ya siku 31 hivi, na sanduku la kuzalia huwekwa mapema kidogo. Kisha akamwacha apange nyasi kavu mwenyewe, polepole, bila kumpokonya kazi; subira hiyo wengi wetu tulio watu wazima hatuna.

Hata hivyo, wanaosita hawasemi ovyo. Kijana asiyejua hufundisha kosa kwa ujasiri uleule anaofundishia lililo sahihi: atakadiria dawa kwa macho, au ataruhusu mayai ya kuku aliyepewa antibiotiki yaliwe kabla ya muda ulioandikwa kwenye kibandiko kupita. La hatari zaidi ni mimba ya mnyama iliyotoka, kwa sababu kuishika mikono mitupu kunaweza kumwambukiza mtoto bruselosi, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, au Homa ya Bonde la Ufa, ambayo katika mlipuko wa 2006 na 2007 iliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya.

Kwa maoni yangu, vijana wafundishwe kazi hii, ila mafunzo yaanzie kwenye mipaka. Maji, malisho, usafi na kumbukumbu za kila siku ni vyao. Sindano, dawa na mizoga ni vya daktari wa mifugo. Na kabla ya kukabidhiwa mtoto, kila kijana aulizwe papo hapo kizimbani atafanya nini akimkuta mnyama amegoma kula, na anayejibu kwa kutaja dawa kabla ya kumtaja mwalimu arudi mafunzoni.