Uvimbe huo hautoki kwenye neva

Ndugu mwandishi, umesema uvimbe wa seli zenye chembechembe kwenye ubongo wa panya wa maabara hutokana na neva. Hapo umechanganya mambo. Unaoota kwenye ulimi au ngozi ya binadamu ndio wa seli za Schwann, zinazozungushia nyuzi za neva. Kwa panya, mwingi huota kwenye utando unaofunika ubongo, na dalili zaelekeza kwenye seli za araknoidi, tabaka la kati la utando huo.

Chembechembe zenyewe ni laisosomu (vifuko vya kumeng'enyea ndani ya seli) zilizojaa. Mkato mwembamba wa tishu ukipakwa rangi ya PAS, inayoonyesha vitu vyenye sukari, chembechembe hugeuka zambarau-waridi, na hata ukitangulia kutiwa diastesi, kimeng'enya kinachovunja glaikojeni (akiba ya sukari ya seli), rangi haiondoki. Ingekuwa glaikojeni, ingeondoka. Kisha pima GFAP, protini ya astrosaiti (seli tegemezi za ubongo): ikitoka hasi, asisingiziwe astrosaiti. S-100, protini inayopatikana kwenye seli za Schwann, peke yake usiitegemee, kwa panya haitabiriki.

Na kwa joto letu hili la Mombasa, ubongo usiachwe mezani mtu akamalize chai! Utumbukize mara moja kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi tishu) ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya tishu au zaidi. Ukichelewa seli huanza kujioza, matundu yatokea ndani yake, na asiye mzoefu huyadhania ndiyo chembechembe.