Zimamoto Mtwara na Lindi: mkufunzi mkongwe asistaafu kabla hajafundisha pampu na ghala la korosho

Chuo cha Chogo, kule Handeni, kinampa askari wa zimamoto msingi wake: kutandaza mpira, kupanda ngazi, kuvaa mtungi wa hewa, kubeba majeruhi. Hayo hayana mjadala. Ila bahari ya Mtwara na ghala la korosho havipo Handeni. Anayevijua ni mkufunzi aliyevizimia moto miaka mingi hukuhuku, na akistaafu bila kuwekewa vijana mbele yake, ujuzi huo unaondoka naye. Naona tunafanya kosa kubwa kumpa mtu huyo kazi za ofisini katika miaka yake ya mwisho kazini. Mahali pake ni pembeni ya pampu.

Chukua maji tu. Gari lenye tangi la lita 5,000, nozeli, yaani mdomo wa mpira wa maji, ikitoa lita 500 kwa dakika, limekauka ndani ya dakika 10. Ukifungua mipira miwili ni dakika 5. Baada ya hapo unafyonza baharini au bwawani, na hapo ndipo wengi wanakwama. Pampu ikiwa juu ya maji kwa zaidi ya mita 7 hivi, inapata taabu hata ikiwa mpya. Sasa kumbuka kwamba huku kwetu, siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3. Pampu iliyofyonza vizuri gatini alfajiri inaweza kushindwa saa nne asubuhi, na hakuna kifaa kilichoharibika.

Kijana akiona presha inashuka, anaongeza resi. Hilo linazidisha tatizo, maana pampu inataka maji mengi kuliko yanayoweza kupanda, na inaanza kulia kama inasaga kokoto. Mkongwe huisikia sauti hiyo mapema, hata kabla geji haijampa wasiwasi mtu mwingine. Anapunguza resi kwanza, kisha anakagua. Je, chujio la mwisho wa mpira limezama angalau mara tatu ya kipenyo cha mpira wa kufyonzea? Likiwa juu zaidi, maji yanazunguka na kuvuta hewa. Gasketi za viungio nazo zikoje? Punje chache za mchanga zinatosha kupitisha hewa. Mwisho anaangalia kama mpira umepinda ukawa juu kuliko mdomo wa pampu, maana hapo hewa inajificha. Kazi ikiisha, pampu isafishwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, vali zote zikiwa wazi. Haya yote yanaandikika kwenye karatasi. Sauti haiandikiki, kwa hiyo irekodiwe kwa simu: pampu ikiwa salama, na pampu ikivuta hewa.

Ghala ni somo jingine. Korosho ghafi hupangwa kwenye magunia juu ya chaga, rundo kubwa, na moto hujificha katikati. Ukimwagia maji juu, moshi unapungua, watu wanashangilia, halafu usiku unawaka tena. Rundo lazima lipanguliwe, kwa kuanzia juu, huku mpira wenye maji ukiwa tayari, na asisimame mtu chini ya magunia yaliyolowa kwani huporomoka. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, kila aliyewahi kubangua anayajua. Glavu na sare vioshwe kabla ya kuvaliwa tena.

Kinachonitia hofu zaidi ni salfa ya unga inayobaki ghalani baada ya kupulizia mikorosho. Mwali wake ni wa bluu hafifu, mchana huuoni vizuri. Ukiipiga kwa maji ya kasi, unga unaruka na unaweza kulipuka, inatakiwa manyunyu. Gesi yake ikipoa ni nzito kuliko hewa, inatulia chini. Kuruta amefundishwa kwamba ndani ya moshi ainame, hewa nzuri iko chini. Kwenye salfa, bila barakoa na mtungi, kuinama hakumwokoi.

Lakini si kila kitu cha mkongwe kirithiwe. Wapo wanaosema zamani waliingia bila barakoa na wako hai. Mwaka 2022 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi ya kuzima moto katika kundi la mambo yanayothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mkufunzi anayefundisha ushujaa wa kuvuta moshi arekebishwe palepale, kwa heshima, hata mbele ya vijana. Heshima ya "Afande" haimfanyi awe sahihi.

Na akishika nozeli mwenyewe kila mara, vijana watabaki watazamaji. Kijana aendeshe pampu, mkongwe anyamaze, aingilie tu kwa jambo la hatari, kisha baadaye aulize: kwa nini ulipunguza resi? Ulisikia nini? Zoezi la kwanza lifanyike Septemba, kabla mnada wa korosho haujaanza, siku ya bamvua, saa nne asubuhi maji yakiwa yamekupwa.